Watoto wa Mama Nekesa

Jumatatu, 1 Machi 1954

Mfuniko wa sufuria. Siku nzima umekaa masikioni mwangu. Nilibisha hodi kwa Mama Nekesa, na kabla hajasema karibu nikasikia bati likigonga bati, kwa haraka. Nilipoingia, chakula kilikuwa kimefunikwa, naye amesimama mbele ya jiko kana kwamba jiko ni mgonjwa wa kukingwa na upepo.

Nimetembea landhi nzima ya reli hapa Nakuru tangu asubuhi. Chumba kimoja kwa kila familia ya mfanyakazi wa reli, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Masizi ya injini upande huu, vumbi jeupe la ziwa upande ule. Visigino vinaniuma. Kazi ni ileile. Maziwa ya unga yamefika ofisini kwetu, ofisi ya ustawi wa jamii, yatagawanywa kwa idadi ya watoto wa kila nyumba. Kwa hiyo nauliza: watoto wangapi? Wananijibu: wapo. Wangapi? Mungu ndiye anajua.

Mama Nekesa alinijibu kwa upole kuliko wengine. Alisema kwao watoto hawahesabiwi. Ng'ombe huhesabiwa, magunia huhesabiwa. Mtoto ukimhesabu umemwonyesha kifo mahali alipolala.

Nilimwambia mimi pia ni wa Butere, mwiko huo naujua. Bibi yangu angenichapa. Lakini kopo la maziwa halijui mwiko.

Alitabasamu kwa mdomo tu. Chai hakunipa. Kwetu, mgeni kuondoka bila hata maji ni jambo la kuzungumzwa ukoo mzima. Mimi naondoka hivyo kila siku.


Alhamisi, 4 Machi

Darasa la mapishi. Walikuja wanawake watatu, mmoja alikuwa anakimbia mvua.

Walionitazama mlangoni walicheka. Wameniita Bibi Maziwa. Mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, "Bibi Maziwa ametoka wapi na maziwa, na hana ng'ombe, hana bwana, hana mtoto?"

Nilicheka nao. Nimechoka kucheka nao.

Chuoni tulifundishwa kwamba mama atakufungulia moyo ukiwa rafiki yake. Hawakutufundisha afanyeje mtu ambaye rafiki zake wanajua mshahara wake unatoka serikalini, mwaka huu, katika mji huu, ambapo malori ya serikali yamepita na kuondoka na nusu ya mtaa.


Jumatatu, 8 Machi

Nimepata idadi.

Nilinunua peremende kwa Mhindi wa karibu na stesheni. Nilizunguka landhi na mfuko mkononi, nikawaita watoto wapange mstari mlangoni kwao, kila mmoja apewe moja. Walikuja mbio. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu. Nilikuwa natoa peremende na kuhesabu kichwani. Nyumba baada ya nyumba. Kazi iliyonishinda kwa wiki nzima nimeimaliza kabla ya saa ya chakula.

Kwa Mama Nekesa mlango ulikuwa wazi, yeye amekwenda mferejini. Nekesa, binti yake mkubwa, aliwaleta wadogo zake. Wa mwisho kuja alikuwa msichana mdogo aliyejificha nyuma ya mlango, miaka minne hivi, kichwa kimenyolewa. Nekesa alimvuta mkono. Alichukua peremende bila kusema asante, akaificha kwapani.

Watano.

Mama Nekesa alirudi na karai kichwani. Alisimama. Alitazama mikono ya watoto, kisha mfuko wangu. Alishusha karai taratibu, maji yasimwagike.

"Umenihesabia watoto kwa peremende," alisema.

Niliaga, nikaenda nyumba iliyofuata.


Jumanne, 9 Machi

Memsahib, mkuu wa ofisi yetu, amefurahi. Anasema nina akili ya kazi. Alimwita na karani aje asikie jinsi nilivyofanya. Idadi zote zimepelekwa kwa mkaguzi wa nyumba za reli, kwa sababu maziwa yatagawiwa kwa namba za nyumba.

Nilifurahi kusifiwa. Ndivyo ilivyokuwa.


Ijumaa, 12 Machi

Milango yote imefungwa. Nasikia watu ndani. Nabisha, wananyamaza. Mtoto anaanza kusema, anazibwa mdomo.

Kwa Mama Nekesa, Nekesa alitoka akanipa kitambaa kilichofungwa fundo, akarudi ndani. Nilikifungua njiani. Peremende zao. Zote zipo. Moja imelambwa kidogo, na ina nyuzi za nguo.

Nilizitupa kwenye mtaro. Kisha nikaona aibu ya kutupa kitu cha mtoto, nikasimama pale kama mjinga.


Jumatatu, 15 Machi

Siku mbaya.

Zablon, mkaguzi wa nyumba, alikuja ofisini kutushukuru. Mtu wa mzaha, huwezi kujua mzaha unaishia wapi. Alikaa juu ya meza yangu.

"Bibi Maziwa," alisema, "umetusaidia sana. Hii nyumba ya Mama Nekesa iko na watoto wanne kwa kitabu. Wewe umepata watano. Sasa niambie, huyu wa tano alizaliwa akiwa anatembea?"

Karani alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa mazoea. Kisha Zablon akaeleza, bila kucheka. Wakati Wakikuyu walipoondolewa landhi na lokesheni, kwa sababu ya vita vya msituni, hesabu ya watoto haikutimia. Wengine waliachwa kwa majirani. Anayeficha ataondoka kwenye nyumba ya reli, na bwana yake ataondoka kazini. Mtoto atapelekwa kambini pamoja na wengine, mpaka apatikane wa kumchukua. Yeye Zablon atapita mwenyewe kukagua, akishamaliza nyumba za upande wa juu.

Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Sasa naelewa sufuria ile. Mtu anayepika chakula cha watu saba huku kitabu kinasema sita, atakifunika mgeni akiingia.

Mwiko ulikuwa wa kweli, nao ulikuwa pia mlango wa kujificha. Mwanamke alijificha nyuma ya kitu ambacho mimi, wa kwao, ningekiheshimu. Nami nikakizunguka kwa peremende.


Jumanne, 16 Machi

Nilikwenda bila mkoba, bila kalamu. Mama Nekesa alikuwa mferejini akifua mablanketi. Wanawake wengine waliponiona walibeba karai zao wakaondoka. Yeye alibaki, blanketi halijakamuliwa.

Nilishika upande wa pili. Tulikamua. Yeye akipinda huku, mimi kule. Maji ya masizi yaliteremka hadi viwiko. Tulikamua la pili. Hakunitazama.

Nilimwambia. Zablon atakuja. Ni kwa sababu yangu. Sikujua, lakini ni kwa sababu yangu.

Alitandaza blanketi kwenye kamba. Alisema alijua tangu siku ile, alipoona mfuko. Kisha akasema mablanketi bado yapo mengine, kama nina mikono.

Mgongo unaniuma mpaka naandika nimelala.


Alhamisi, 18 Machi

Nimekwenda tena. Tumechambua mboga ya mrenda mlangoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye debe. Watoto wamefichwa ndani. Nawasikia wakikohoa.

Sikuuliza kitu. Nilizungumza mimi. Nilimweleza habari za mama yangu. Mtu akimwuliza ana watoto wangapi, mama huwataja majina, mmoja mmoja, kutoka kifungua mimba hadi kitinda mimba. Humtaja na dada yangu Finike aliyekufa kwa surua nikiwa shule. Humtaja mahali pake, katikati, bila kushusha sauti. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama ni mjinga wa hesabu.

Mama Nekesa aliendelea kuchambua. Baada ya muda, macho kwenye ungo, alianza kutaja.

Nekesa. Makokha. Nafula. Wesonga.

Niliona mdomo wake ukijiandaa kwa jina jingine. Alichukua jani, akalichanachana, akalitupa.

Sikumwuliza. Nilihesabu majani. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo tangu nije mji huu: kukaa karibu na neno la mtu na kuliacha kinywani mwake.

Alinipa maji ya kunywa nilipoaga. Kikombe cha bati. Nimeyanywa yote.


Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Zablon bado yuko nyumba za juu. Huko amekuta mtoto mmoja, na familia ya Mjaluo imetolewa vitu nje. Nimepita nikaona kitanda barabarani kinanyeshewa, na mama amekaa juu yake na mwavuli.

Sikusimama. Ningesimama nimwambie nini? Yeye pia nilimpa peremende.


Jumatano, 24 Machi

Amekuja kwangu. Sijawahi kutembelewa na mama yeyote wa landhi. Chumba changu nyuma ya kanisa hakina hata kigoda cha pili, akakaa kitandani, mwavuli ukidondosha maji sakafuni. Nilimpa chai. Aliishika tu.

Alisema, "Anaitwa Wanjiru."

Kisha mengine yote yakatoka, taratibu, kama mtu anayetoa miba mguuni mwake mwenyewe.

Mama Wanjiru, jina lake Nyokabi, alikuwa jirani yake wa ukuta. Mume alichukuliwa kwanza. Wanawake hao wawili walitumia jiko moja, siku huyu anaweka makaa, siku yule. Wesonga alipozaliwa, Nyokabi ndiye alimkata kitovu, maana mkunga alichelewa. Siku malori yalipokuja, Wanjiru alikuwa na surua. Alikuwa amelazwa kwa Mama Nekesa, kwenye giza, nyuma ya pazia, ili wenzake wasiambukizwe. Askari waliingia mlango wa pili tu, wa Nyokabi. Nyokabi alipandishwa lori na sufuria mkononi.

"Lori lilisimama pale mbele yangu muda mrefu," alisema Mama Nekesa. "Alinitazama. Angeweza kumwita mtoto. Hakumwita."

Alisubiri, kama vile mimi ndiye nitamwambia maana yake.

"Ungemwita wewe?" aliniuliza.

Nilisema sijui. Sijazaa. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jibu zuri kuliko alilotegemea. Tangu siku hiyo, alisema, hajui kama alipewa mtoto au aliachiwa tu. Hana habari ya Nyokabi hata moja. Mume wake anasema mtoto atawaponza, na anasema kweli, na kila jioni huyohuyo anamletea kipande cha muwa.

Alipoondoka chai ilikuwa imepoa. Aliinywa yote akiwa amesimama.


Jumamosi, 27 Machi

Nimejaribu njia iliyonyooka. Nilimwuliza karani, kama kwa udadisi tu, mtoto anayepatikana peke yake hurudishwaje kwa mama yake. Alisema hurudishwa kama mama anajulikana alipo. Na kama hajulikani? Alipandisha mabega. Watu wa malori yale walitawanywa, wengine mara mbili. Mtoto hukaa kambini.

Kambi nimeiona. Tulipeleka sabuni mwaka jana. Watoto waliokuwa peke yao ungewajua mara moja: walikuwa wameshika nguo ya mtu yeyote aliyesimama karibu.

Sijui haki iko wapi. Mtoto ana mama. Sisi si mama yake. Lakini mama yake alimwona Mama Nekesa mlangoni, akanyamaza. Nashikilia huo unyamavu. Sina kingine cha kushikilia.


Jumanne, 30 Machi

Nimelala vibaya. Nimekula vibaya. Nimefundisha uji wa watoto wachanga kwa wanawake wawili.

Jioni nilipita. Watoto hawakufichwa. Wanjiru alikaa miguuni pangu akisokota kipande cha uzi. Amefundishwa kutosema kitu mbele ya watu, kwa hiyo hasemi kitu kabisa. Nywele zake zimeanza kuota. Alinipa uzi nimshikie ncha.


Ijumaa, 2 Aprili

Imekwisha. Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya kuhusu ilivyokuwa.

Zablon alikuja mchana na askari mmoja. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye debe. Watoto walikuwa wanakula, wote, sinia moja. Hapakuwa na wakati wa kuficha mtu. Majirani walitoka milangoni kwao.

Zablon alifungua kitabu akasoma majina. Nekesa. Makokha. Nafula. Wesonga. Kila aliyetajwa alisimama, kama shuleni. Akabaki mmoja kwenye sinia, mkono umejaa ugali.

"Na huyu ni wa nani?"

Mama Nekesa alifungua mdomo. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza, si wa kusema uongo.

Nilisema, "Wangu."

Sikupanga. Au nilipanga mahali ambapo sikujiona. Zablon alinigeukia polepole, na uso wake ukaanza kufurahi. Nilimwambia nilimzaa mwaka ule nilioacha shule. Nikamwambia Mama Nekesa ni dada yangu wa ukoo, ananilelea ili watu wa kazini wasijue. Nilisema nilimwingiza kwenye hesabu ya maziwa kwa sababu ni mtoto, naye anakunywa maziwa. Sauti ilinishangaza, ilikuwa ile yangu ya darasani.

Alimtazama mtoto, akanitazama. Kisha akasema, "Mwite aje."

Nilinyosha mkono. Sikumwita, niliogopa jina gani litatoka. Wanjiru hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Nekesa. Landhi nzima ilimtazama Mama Nekesa.

Naye akamwambia, kwa Kiluhya, kwa sauti ya kila siku, kama anayemtuma chumvi, "Nenda kwa mama yako."

Mtoto alisimama. Alikuja. Aliushika mkono wangu kwa mkono wenye ugali.

Zablon alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe Bibi Maziwa ana maziwa kweli," alimwambia askari. Kila kitu kilimwingia akilini kwa urahisi: kwa nini nakaa nyumba ile kila siku, kwa nini sijaolewa, kwa nini mtoto anafichwa. Kama ningemwambia ukweli angeutilia shaka. Huu aliupenda. Alifunga kitabu.

Walipoondoka, Mama Nekesa alikaa chini sakafuni. Watoto waliendelea kula. Mimi sikuweza kuuachilia ule mkono mdogo.


Jumatatu, 5 Aprili

Memsahib alikuwa ameshasikia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifunga mlango, akanipa kiti, akaniambia kwamba ananihurumia sana na kwamba niliaminiwa. Mwanamke wa namna hii hawezi kuwekwa mbele ya akina mama. Niondoke kabla ya Pasaka, mimi na mtoto wangu. Aliuliza baba ya mtoto ni nani. Nilisema alikufa. Uongo ukishaingia nyumbani huzaa haraka.

Nilisema nilimzaa mwaka ule nilioacha shule kwa ugonjwa wa mapafu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Miezi yote ile nikiwa chali, mama akinilisha kwa kijiko. Sasa hakuna atakayeuamini tena. Hilo limeniuma kuliko kazi.

Na mwalimu Yona, aliyekuwa apeleke posa kwetu baada ya mavuno. Atasikia kwa watu. Nikimwambia ukweli, atautaja kwa watu ili kunitetea, kwa sababu ananipenda. Sitamwambia.


Jumatano, 7 Aprili

Jambo la ajabu, na sina nguvu ya kulifurahia.

Milango imefunguka. Napita landhi na wanawake wananiita. Karibu, dada. Kaa. Umekula? Yule aliyeuliza nimetoka wapi na maziwa bila ng'ombe ameniletea gauni la mtoto, linabana mikono lakini safi. Akaninong'oneza kwamba yeye mwenyewe alikuja mji huu na mimba ya mtu ambaye si mume wake. Mume anajua, wakwe hawajui. Mwingine alinionyesha kovu mgongoni. Wa tatu aliniambia idadi ya watoto wake, walio hai na waliokufa, bila kuulizwa, akihesabu kwa vidole.

Niliwasikiliza wote. Sikuandika kitu. Zile habari nilizozitafuta kwa mkoba na kalamu na darasa la uji, zimeniangukia mapajani leo, siku ambayo sina ofisi ya kuzipeleka.

Wananipa kwa sababu wanadhani nimeanguka kama wao. Sijaanguka hivyo. Lakini nimekaa chini pamoja nao, na kutoka huku chini naona jinsi nilivyokuwa nikionekana nikisimama mlangoni.

Nimechoka. Si uchovu wa miguu.


Jumatatu, 12 Aprili

Chumba kimekuwa kitupu. Nimempa Mama Nekesa blanketi langu la pili na taa. Alikataa taa, akachukua blanketi.

Mume wake alikuwapo leo, zamu imekwisha. Mtu mrefu wa kubadili njia za reli, haongei sana. Alisema, "Shemeji, asante," akatoka nje akakaa ametugeuzia mgongo.


Jumatano, 14 Aprili

Treni ya Kisumu imejaa watu wa Pasaka. Naandika kwa kutikisika.

Asubuhi Mama Nekesa alimwogesha mtoto kwa maji ya moto, akampaka mafuta mpaka miguuni. Alinieleza mambo yake yote. Hali mafuta ya ng'ombe, anatapika. Akilala anataka ashike kitu. Akiogopa anajinyonya mkono, usimpige. Kisha akaniambia neno ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata mume. Kila asubuhi akimnawisha uso, humnong'oneza sikioni: Wanjiru wa Nyokabi. Mara moja tu, kisha humwita Nanjala, jina la kwetu, siku nzima. Ili siku mama yake akirudi, mtoto ageuke akiitwa.

Niliahidi nitafanya hivyo.

Hakufika stesheni. Aliniaga mlangoni, watoto wakiwa nyuma yake. Alisema Nyokabi akija kuuliza, atamwambia, "Mtoto yuko kwa dada yangu." Si kwa Bibi Maziwa. Dada yangu.

Kisha akamgeukia Nekesa akamwambia aweke maji jikoni. Sikumwona akilia. Mimi nilianza tulipopita Njoro, na mama mmoja wa hapa kitini akanipa ndizi.


Jumapili, 18 Aprili. Pasaka.

Mvua tangu alfajiri, nyepesi. Kwetu mahindi yamefika magotini.

Mama hakuuliza. Juzi, nilipokuwa naoga nyuma ya nyumba, alikuja kunisugua mgongo kama zamani. Alinisugua taratibu sana. Mama yeyote anaujua mwili wa bintiye, anajua uliozaa na ambao haujazaa. Alinimwagia maji, akanipa kanga, akaenda kumtafutia mtoto yai.

Baba ni mzee wa kanisa. Akiulizwa na wazee wenzake hawezi kusema uongo, hajawahi. Kwa hiyo asiwe na ukweli wa kuficha. Nililifikiri hilo njia nzima kutoka Nakuru.

Leo kabla ya ibada aliniita chini ya ukingo wa paa, mvua ikipita mbele yetu. Amezeeka. Alikuwa ameshavaa koti lake jeusi. Aliniuliza mara moja tu, wala hakunitazama.

"Ni wako?"

"Ni wangu, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Alifunga vifungo vya koti, akatangulia.

Kanisani nilikaa benchi la nyuma, linalokaliwa na wanawake waliotengwa na meza ya Bwana. Walinisogezea nafasi. Wengine walipoinuka kwenda mbele, mimi nilibaki nimekaa, na mtoto amelala mapajani mwangu, ameshika kidole changu.